Kabla ya Kulaumu Nyaya za Baharini: Kupima Safari ya Pakiti Ndani ya Kerneli

Anayeanza kazi ya seva hapa Mombasa huzoea upesi kuona mtandao ukizorota na lawama zikielekezwa baharini. Ni kweli kwamba nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika kwetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na waya ukikatika sote huumia. Lakini kasoro nyingi nilizokabidhiwa zilikuwa ndani ya seva yenyewe, katika safari ya pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kutoka kadi ya mtandao, kupitia kerneli ya Linux, sehemu kuu ya mfumo endeshi, hadi kwenye programu inayoisubiri.

Safari hiyo haina nafasi ya uzembe. Kwenye kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde, fremu (pakiti zilivyofungwa kwa ajili ya waya) ndogo kabisa za baiti 64 zaweza kufika takriban milioni 14.88 kila sekunde, yaani nanosekunde 67 hivi kwa kila moja, ikiwa kazi yote imeachiwa kiini kimoja cha kichakataji.

Na huachiwa kimoja mara nyingi kuliko mnavyodhani. Seva moja yenye viini 8 ilikuwa ikipoteza pakiti kila jioni, huku kipimo cha jumla kikionyesha kwamba kichakataji kinatumika asilimia 13 tu. Nikaridhika kwamba nafasi ipo tele, nikatumia siku mbili kuongeza ukubwa wa bafa, hifadhi ya muda ya pakiti zinazosubiri, na hali haikubadilika. Siku ya tatu niliandika mpstat -P ALL 1, amri inayoonyesha kila kiini peke yake, nikakuta kiini namba 0 kimejaa pomoni, karibu kazi yake yote ikiwa kwenye safu ya %soft, yaani kazi ambayo kerneli huifanya baada ya katizo, kama kupokea pakiti, ilhali saba vilivyobaki vimekaa bure. Moja ya nane ni asilimia 12.5, na wastani ulikuwa umeificha. Faili ya /proc/interrupts ilithibitisha kwamba foleni zote za kadi zilikuwa zikipeleka makatizo yake, ishara za kukiita kichakataji, kwenye kiini hicho.

Kwa hiyo anzeni na viini, kisha fungueni /proc/net/softnet_stat. Kila mstari ni wa kiini kimoja, na namba zake zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, jambo linalowapotosha wengi. Safu ya pili huhesabu pakiti zilizotupwa. Ya tatu huhesabu mara ambazo kerneli iliacha kazi njiani kwa kuwa mgao wake, ambao kwa kawaida ni pakiti 300 kwa zamu, au muda wake, umekwisha. Isomeni mara mbili mkiachanisha sekunde kumi, kwa sababu kinachofaa ni ongezeko.

Namba zikiongezeka, hapo ndipo inapofaa perf, zana ya Linux inayoonyesha kichakataji kinatumia muda wake kwenye kazi gani. Chukueni sampuli 99 kwa sekunde badala ya 100, ili upimaji usienende sambamba na kazi zinazojirudia kwa saa ya mfumo. Msiamini haraka jina la programu litakalotokea kwenye sampuli, maana kazi ya kupokea pakiti hufanyika mara nyingi juu ya mgongo wa programu iliyokatizwa tu, isiyohusika kabisa. Fuateni mnyororo wa vitendakazi (functions) vinavyoitana hadi chini.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkiandika namba za kabla na baada. Kwenye seva ile niligawa makatizo kwa viini vyote 8 bila kugusa kingine, na jioni hiyo safu ya tatu haikuongezeka hata moja.