Mabaka ya shingoni: kabla hujakimbilia tyubu

Nina mabaka meupe shingoni na kifuani, hayawashi sana. Nimemeza griseofulvini wiki tatu, hola.

Lazima iwe hola. Kwa maelezo yako huo ni utangotango, na fangasi wake hasikii griseofulvini, wala vidonge vya terbinafini. Tafuta shampuu ya ketokonazoli asilimia 2. Lowesha ngozi, paka kuanzia shingoni hadi kiunoni, si kwenye mabaka tu, iache dakika 5, kisha suuza. Kila siku kwa siku 5. Sasa hivi ukilikwaruza baka kwa ukucha linatoa unga mwembamba. Unga ukikoma, tiba imefanya kazi. Rangi hurudi taratibu, wiki kadhaa hata miezi, na hapo ndipo wengi huona dawa imeshindwa wakaanza upya. Vidonge vya ketokonazoli visikaribie mdomo wako kwa ajili ya ngozi: vinaharibu ini.

Nipake nini shingoni?

Sijui. Hujasema kama panawasha, pana rangi gani, wala palianza lini. Mwezi huu wewe ni wa nne kuuliza hivi.

Shingo ya binti yangu wa miaka 14 ni nyeusi kwa nyuma na imekuwa nene. Nasugua kwa dodoki na limau, haitoki.

Si uchafu, mama, mwache mtoto. Na limau likikutana na jua huunguza ngozi, likaacha weusi zaidi. Ngozi ya namna hiyo, laini kama mahameli, mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi mwilini, hasa kwa mwenye uzito mkubwa. Mtazame na kwapani. Apimwe sukari asubuhi kabla ya kula, ikifika 7.0 mmol/L kipimo kirudiwe, huenda ni kisukari. Ikimtokea ghafla mtu mzima anayekonda, ni hospitali mara moja, maana saratani ya tumbo huanza hivyo pia.

Upele mweusi unaowasha, palepale mkufu unapokaa.

Vua mkufu.

Nina choa. Duka la dawa walinipa tyubu yenye dawa tatu, likapungua siku nne, sasa limesambaa.

Soma boksi: utakuta betamethasoni au klobetasoli. Hizo ni steroidi. Zinanyamazisha muwasho huku fangasi anatanuka, na ukingo wa choa unafifia hata daktari asiutambue. Choa dogo hutibiwa kwa klotrimazoli asilimia 1 peke yake, mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo kwa sentimita 2, wiki 2 hadi 4, bila kuacha siku linapopotea. Lako limeshasambaa: acha tyubu, nenda magamba yakapimwe kwa darubini. Steroidi hizohizo ndizo zimo kwenye mkorogo, pamoja na haidrokwinoni, ambayo ikipakwa miaka huacha weusi wa kibuluu usiofutika.

Baka la rangi ya shaba, nikiligusa sihisi kitu.

Usipake chochote. Fumba macho, mtu akuguse kwa pamba. Usipohisi, nenda kituo cha afya wiki hii. Huenda ni ukoma. Dawa ni bure, miezi 6 au 12. Wataje unaoishi nao nyumba moja, nao wachunguzwe.