Ufito Uko Wapi? Kuandaa na Kuuza Wazo Jipya kwa Akili ya Wanamichezo

Vijana wengi wa Kigoma wenye mawazo mazuri hukwama mahali pamoja. Wazo lipo, sampuli imeshachongwa kwa fundi pale Mwanga, lakini wakikaa mbele ya mwenye fedha au mwenye mamlaka wanaanza kueleza. Wanaeleza sana. Msikilizaji anatikisa kichwa, anasema "wazo zuri, endeleeni", na habari inaishia hapo. Uwanjani, kwenye mchezo wa kuruka juu, mambo huenda tofauti kwa sababu ufito, yaani ule mti wa kulala ambao mrukaji huuvuka, upo: mtu ameuvuka au ameuangusha, na wote waliokuwepo wameona. Mapinduzi mengi makubwa ya michezo yalimaliza ubishi kwa njia hiyo, na njia hiyo inawezekana hata kwenye mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Mfano unaofaa kuchambuliwa polepole ni wa Dick Fosbury, Mmarekani aliyebadilisha mchezo wa kuruka juu. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, aliruka mita 2.24 na kutwaa dhahabu akivuka ufito kwa mgongo, kichwa kikitangulia. (Siku hiyohiyo, katika Olimpiki hiyohiyo, John Stephen Akhwari wetu alimaliza marathoni goti likiwa limefungwa bendeji.) Wenzake karibu wote walikuwa wanavuka kwa tumbo. Watu wengi husimulia kisa hiki kama habari ya ujasiri tu, ilhali chenye faida kwa mbunifu ni mambo matatu yaliyo chini yake.

La kwanza ni godoro. Zamani warukaji waliangukia mchanga au maranda ya mbao, na anayeangukia mchanga kwa shingo kutoka mita mbili hatarudia. Magodoro ya sponji yalipoanza kuwekwa viwanjani, kuangukia mgongo kukawezekana. Wachezaji waliendelea na mtindo wa zamani kwa mazoea tu, wakati sababu ya mtindo huo ilikuwa imeshaondoka. La pili ni kanuni: sheria ilimtaka mrukaji ajirushe kwa mguu mmoja, haikumwambia avukeje. La tatu ni fizikia. Mwili ukipinda mgongo juu ya ufito, kitovu cha uzito wake kinaweza kupita chini ya ufito huku mwili wenyewe ukipita juu, kwa hiyo nguvu ileile inakupeleka juu zaidi.

Basi swali la kwanza kwa mwenye wazo si "nibuni nini?" Ni hili: godoro gani limewekwa hapa karibuni ambalo watu bado hawajaanza kulitumia? Kigoma yapo. Taa za sola zimechukua nafasi ya karabai kwa wavuvi wengi wa dagaa. Nailoni ngumu ya vitalu nyumba inapatikana madukani. Mizani ya kidijitali imekuwa rahisi kununuliwa, na fedha zinatumwa kwa simu mpaka vijiji vya ziwani. Andika vitu vya namna hii ukurasa mzima. Kwa kila kimoja jiulize ni desturi gani ya kazi iliyokuwepo kwa sababu kitu hicho hakikuwepo.

Tuchukue wazo moja tulifuate mpaka mwisho: kikaushio cha jua kwa dagaa wakati wa masika. Tatizo linajulikana na kila mama anayeanika. Mvua za Kigoma huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa nne au wa tano, na dagaa walioloa mchana hunuka, hukatika vichwa na kushuka daraja. Muundo wa kuanzia ni mwepesi. Tengeneza fremu ya mbao ya mita 4 kwa mita 1, iliyoinuliwa kiunoni, wavu ukiwa umekazwa juu yake, kisha paa la nailoni lenye mteremko. Upande wa chini acha tundu la hewa lenye upana wa kiganja, upande wa juu acha kubwa zaidi, yote yazibwe kwa chandarua kuzuia nzi. Sehemu hiyo inabeba takriban kilo 10 za dagaa wabichi kwa tabaka moja.

Hapa ndipo wengi huharibu, na sababu zake zinafahamika. Ukiziba matundu ya hewa, mvuke unabaki ndani na matone yanarudi juu ya dagaa, hivyo watakauka polepole kuliko walio nje. Joto likipita nyuzi 60 samaki huanza kuiva badala ya kukauka, akiguswa anavunjika. Weka kipimajoto ndani na ongeza upana wa tundu la juu joto likikaribia 55. Ukipanga tabaka mbili ili uonekane unabeba mzigo mkubwa, wa chini watabaki wabichi. Nailoni ya kawaida ya kufungashia hupasuka baada ya majuma machache ya jua. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya vitalu nyumba.

Sasa uweke ufito. Jaribio lenye heshima linalinganisha njia tatu kwa wakati mmoja: mchanga, chanja ya wazi na kikaushio chako. Chukua kilo 30 kutoka mtumbwi mmoja, changanya kwanza kwenye turubai, ndipo ugawe kilo 10 kila upande. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuweka dagaa wa alfajiri kwenye kifaa kipya na waliochelewa kwenye mchanga, halafu kutangaza ushindi. Pima uzito saa 2 asubuhi, kisha kila baada ya saa mbili mpaka saa 12 jioni, kwa mizani moja. Kilo 10 zikifika kati ya 2.5 na 3 kazi imekwisha, kwa kuwa kilo tatu hadi nne za wabichi hutoa takriban kilo moja ya wakavu. Mwishoni hesabu pia waliokatika na uchafu uliochanganyika. Rudia siku sita au zaidi, na angalau tatu ziwe za mvua, maana siku ya jua kali mchanga nao hukausha vizuri na kifaa chako hakitakuwa na cha kuonyesha.

Jaribio la kwanza likifeli, jifunze kwa Eliud Kipchoge. Mwaka 2017 pale Monza, Italia, alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili akamaliza kwa 2:00:25. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna akamaliza kwa 1:59:40. Katikati waandaaji walibadilisha mambo yanayotajika: njia, mpangilio wa wakimbiaji wa kumkinga upepo, na watazamaji kuruhusiwa pembeni mwa barabara. Nawe badilisha kitu kimoja au viwili kila awamu na uandike daftarini ni kipi. Ukibadilisha nailoni, wavu, mteremko na aina ya dagaa kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Kuna jambo jingine la Vienna ambalo waandaaji wa mawazo huliruka. Muda ule haukuingizwa kwenye rekodi rasmi, kwa kuwa wakimbiaji 41 walipokezana kumsindikiza, nje ya kanuni za mashindano, na hilo lilisemwa wazi. Sema wazi na wewe. Kama umejaribu kwa kilo 10 tu, usiandike kwamba kifaa kinakausha tani. Andika: "Tumejaribu kilo 10, siku sita, mwalo mmoja." Mtu aliyezoea kusoma maombi ya fedha anaamini sentensi hiyo kuliko grafu ya rangi.

Nani apewe kikaushio cha kwanza? Usimfuate mchuuzi mkubwa kuliko wote. Watafiti wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam walibuni katika miaka ya 1980 kiatu cha kuteleza kwenye barafu ambacho chuma chake kimefungwa kwa bawaba mbele, ili kisigino kiinuke huku chuma kikiendelea kugusa barafu. Mabingwa walikikataa miaka kadhaa. Walikuwa na majina ya kulinda. Msimu wa 1994/95 kundi la vijana wa Zuid-Holland wakakubali, muda wao ukaboreka mbele ya macho ya wote, na kufikia Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 mabingwa walikuwa wamekivaa. Kwa Kigoma, tafuta kikundi cha akina mama wanaoanika mzigo mdogo na wanaopoteza zaidi wakati wa mvua. Wao wana sababu ya kujaribu, na jirani zao wataona.

Kabla ya kuingia ofisi yoyote, soma kanuni. Graeme Obree wa Scotland alijitengenezea baiskeli mwenyewe, tena kwa vipande vya mashine ya kufulia, na mwaka 1993 akavunja rekodi ya dunia ya umbali wa kuendesha kwa saa moja, kilomita 51.596. Mwaka uliofuata shirikisho la baiskeli duniani likaupiga marufuku mkao aliokuwa akiutumia. Kwa dagaa, afisa uvuvi akueleze masharti ya mwalo, ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ikueleze njia ya kufikia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) kwa mjasiriamali mdogo, na kama unafikiria hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, uliza BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kabla hujakionyesha kifaa hadharani. Kumbuka pia kalenda ya ziwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mpango wa biashara unaohesabu dagaa miezi kumi na miwili utakataliwa na mtu yeyote anayelijua ziwa, na ana haki.

Namna ya kuwasilisha tumfuate Danny Biasone, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Syracuse, Marekani. Ligi ya NBA ilikuwa inawachosha watazamaji, kwani timu iliyoongoza ilishikilia mpira tu. Mwaka 1950 mchezo mmoja uliisha 19 kwa 18. Biasone alichukua dakika 48 za mchezo, yaani sekunde 2,880, akazigawa kwa mitupo 120 ambayo timu mbili hufanya katika mchezo mzuri. Jibu likawa 24. Kila timu itupe mpira ndani ya sekunde 24. Mwaka 1954 akawaalika viongozi wenzake Syracuse, akawachezeshea mchezo wa majaribio wakitazama kwa macho yao, na kanuni ikapita. Msimu mmoja baadaye wastani wa pointi za timu kwa mchezo ulipanda kutoka 79.5 hadi 93.1.

Mafunzo yake ni mawili. Kwanza, Biasone alikuwa na namba moja, na hesabu yake inaweza kurudiwa na mtu yeyote kwa kalamu. Yako itoke kwenye daftari la wachuuzi: gharama ya kikaushio kimoja, ugawe kwa kilo zilizoharibika mwezi wa masika mara bei ya kilo moja. Hapo unapata ni miezi mingapi kifaa kinajilipa. Usianze na idadi ya Watanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayekuwa mteja wako kwa kuhesabiwa.

Pili, aliwaonyesha. Mwalike mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, mchuuzi mmoja anayeheshimika na afisa maendeleo ya jamii wa kata, waje mwaloni siku ya mawingu, saa 10 jioni. Mizani iwepo, marundo matatu yawepo, na mchuuzi ndiye apime, si wewe. Nyamaza anapopima. Ikibidi uwasilishe ofisini, peleka dagaa wa aina tatu kwenye mifuko myeupe na karatasi moja yenye jedwali la uzito. Usitegemee projekta, umeme ukikatika utabaki na maneno matupu. Dakika tatu zinatosha: tatizo kwa sentensi mbili, namba, jaribio na mipaka yake, kisha ombi. Ombi lenyewe litaje kiasi na kazi yake, kwa mfano vikaushio vitano kwa kikundi fulani kwa msimu mmoja. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huombwa kwa vikundi, kwa hiyo akina mama waliojaribu kifaa ndio waombaji wenye nguvu kuliko mbunifu peke yake.

Akiuliza mtu, "Mshindani wako nani?", usijibu kwamba hakuna. Mchanga ni mshindani, tena wa bure.

Utaambiwa pia kwamba kila mtu anafanya vile, kwa hiyo vile ndivyo. Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 pale Christchurch tarehe 2 Februari 1974 akiongoza tangu mlio wa bastola, wakati desturi ilikuwa kujificha nyuma na kufyatuka mwishoni. Alimaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia, na John Walker aliyemfukuza mpaka mwisho naye akawa chini ya rekodi ya zamani ya 3:33.1. Kisa hiki kinafaa kwenye kikao kwa sababu kinaonyesha mchuuzi wa pili anavyofaidika pia: masika soko likianza kudai dagaa wakavu wasio na mchanga, kiwango cha mwalo mzima kinapanda.

Ukishakubaliwa, usidhani njia ya zamani imekufa. Miaka kumi baada ya Fosbury, mwaka 1978, Vladimir Yashchenko wa Umoja wa Kisovyeti aliweka rekodi ya dunia ya mita 2.34 kwa mtindo uleule wa tumbo. Wanaoanika kwenye chanja nao wataboresha: watainua zaidi, watapunguza tabaka, watanunua maturubai ya kufunika mvua ikinyesha. Kwa hiyo kila masika rudia jaribio la njia tatu, na chanja ya kulinganisha iwe ya mama anayesifika mwaloni kwa kuanika vizuri, ikiwa imepangwa kwa mikono yake, si ile uliyoijenga mwenyewe kwa haraka.