Hesabuni kilo za kundi, si za mmoja

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: jimu ya mjini Dodoma inataka kufanya harambee ya wanawake kunyanyua vyuma, fedha zikanunue taulo za kike kwa wanafunzi wa sekondari. Je, mwanamke ambaye hajawahi kushika chuma ashiriki? Na kama ni ndiyo, ajiandae vipi asije akaumia?

Ashiriki. Apewe wiki 10, siku mbili kwa wiki, na atafika. Ila kabla ya mazoezi iangalieni kwanza fomu ya ahadi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumizwa. Ikiandikwa "naahidi shilingi 1,000 kwa kila kilo ya uzito mkubwa atakaonyanyua fulani", mmeshamsukuma huyo fulani aongeze sahani (yale mapande ya duara ya uzito yanayovishwa kwenye fimbo ya chuma) ambayo hajawahi kuigusa, huku spika inapiga na mawifi wanapiga vigelegele. Mgongo haujui kama fedha ni za sadaka.

Ahadi ifungwe kwenye jumla ya kilo za kundi zima. Chukueni washiriki 25. Kumi wananyanyua kilo 30, kumi kilo 40, watano kilo 60, na kila mmoja ananyanyua mara 10 kwa awamu mbili za mara 5. Hapo mnapata 3,000 na 4,000 na 3,000, yaani kilo 10,000, tani 10 kamili. Wakipatikana wafadhili 20, kila mmoja akaahidi shilingi 10 kwa kilo, kundi linakusanya shilingi 200 kwa kilo, jumla shilingi milioni 2. Kila mfadhili anajua tangu mwanzo kwamba hatatoa zaidi ya shilingi 100,000, na hakuna mshiriki anayelazimika kuvunja rekodi. Mkitaka fedha zaidi, tafuteni wafadhili zaidi au washiriki zaidi. Sahani zisiongezwe siku ya tukio. Wenye kuweza kilo 100 wapo, na watataka waonekane; wapeni dakika zao mwishoni, nje ya hesabu ya ahadi.

Zoezi liwe moja tu: kuinua fimbo ya chuma kutoka chini mpaka umesimama wima, lile linaloitwa dedilifti. Likikushinda unairudisha chini, basi. Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, ya fimbo mabegani ikikushinda inakukalia, na ile ya kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi inakuangukia kifuani. Zote mbili zinataka wasimamizi waliozoea kudaka. Mitindo ya Olimpiki ya kupandisha fimbo juu ya kichwa, ambayo wanawake walianza kuishindania kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ni ufundi wa miaka. Haijifunzwi kwa wiki 10.

Fimbo ya mashindano ya wanawake ina kilo 15 na unene wa milimita 25. Ya wanaume ina kilo 20 na milimita 28. Milimita 3 ni kitu kidogo mpaka kiganja chembamba kijaribu kuifumbata mara ya tano. Kama jimu ina za wanaume tu, au iliyotengenezwa na fundi wa kuchomelea, ipimeni kabla ya kuandika hesabu yoyote, maana hapa kila kilo ina bei. Mtu apande kwenye mizani mikono mitupu, ashuke, apande tena akiwa ameishika fimbo. Tofauti ndiyo uzito wake. Sahani nazo moja moja, msiamini namba iliyochorwa. Uzito halisi uandikwe kwa rangi, na kila fimbo iwe na klipu pande zote mbili. Sahani moja ikitelezea nje, mzigo unakuwa wa upande mmoja, na kiuno ndicho kinacholipa.

Kuna jambo moja jimu nyingi hazilitazami kabisa: urefu wa fimbo kutoka sakafuni. Sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo katikati ya fimbo hukaa sentimita 22.5 juu. Sahani za chuma za kilo 5 au 10 ni ndogo zaidi. Fimbo inashuka karibu na vifundo vya miguu, na anayeanza hawezi kuifikia bila kukunja mgongo. Mnamlaumu kwa mkao mbaya kumbe kosa ni la vifaa. Pigilieni mbao bapa pamoja, juu yake mpira, sahani zikae hapo mpaka fimbo ifike sentimita 22.5. Kwa mwenye misuli ya nyuma ya paja iliyokaza, au mwenye mapaja marefu, ipande hadi chini kidogo ya goti, aishushe taratibu wiki zinavyokwenda. Tofali la saruji msilitumie, linapasuka likigongwa. Sakafu ya vigae nayo itandikwe plaiwudi kisha mpira, la sivyo mtaanza harambee nyingine ya vigae.

Wiki mbili za kwanza hakuna chuma. Mpini wa ufagio unasimamishwa mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio, kisha mshiriki anasukuma makalio nyuma kama anayefunga mlango wa gari akiwa na mizigo mikononi. Magoti yanakunjika kidogo tu. Mpini ukiachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu, mgongo umekunjika, arudie. Akiweza mara 10 bila kuuachanisha, apewe dumu lenye lita 10 za maji.

Wengi wa kina mama wa Dodoma wanabeba ndoo ya lita 20 tangu utotoni, na hizo ni kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe, sawa na fimbo ya wanaume. Miguu na shingo wanazo. Kinachowaponza ni kuiokota ndoo ikiwa mbele ya vidole vya miguu. Mzigo ukae katikati ya miguu, au fimbo iwe juu ya katikati ya wayo, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye muundi. Hilo likikaa sawa, nusu ya kazi imekwisha.

Kuanzia wiki ya tatu anashika kilo 15 au 20: seti (awamu) 3 za mara 5, mapumziko ya dakika 2 hadi 3. Seti zote zikitoka safi, kipindi kinachofuata anaongeza kilo 2.5. Tatizo ni kwamba sahani ndogo kabisa kwenye jimu nyingi ni ya kilo 2.5, na zikiwekwa pande zote mbili umeongeza 5. Kwa anayenyanyua 25, hiyo ni moja ya tano ya mzigo wake, hivyo anakwama na kudhani hana nguvu. Jazeni mchanga kwenye vifuko vigumu, pimeni kilo 1.25 kwenye mizani ya duka, mvifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli vikishikana kabisa na sahani. Visining'inie, maana vinayumba. Aliyeanza na kilo 20 bila kukwama atafika 50 na kitu wiki ya tisa. Akikwama mara mbili mfululizo, apunguze asilimia 10 apande upya. Wale watano wa kilo 60 wachukuliwe kati ya wanaofanya mazoezi tayari.

Siku hizo hizo mbili aongeze skwati akiwa amekumbatia dumu kifuani, seti 3 za mara 8. Pushapu mikono ikiwa juu ya meza imara. Kuvuta dambeli, kile chuma kifupi cha mkono mmoja, kuelekea ubavuni. Na kutembea mita 20 na dumu kila mkono. Dakika 50 zinatosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki kwa watu wazima wote, kwa hiyo ratiba hii haina jambo la ajabu.

Kocha awe na macho kwa haya. Makalio yakipanda kabla ya mabega, miguu imeacha kazi na kiuno kimeibeba, punguza uzito. Viwiko vikikunjwa ili kuifyatua fimbo, msuli wa mbele wa mkono unaweza kuchanika. Mikono ni kamba tu, inyooke. Fimbo ikiachana na miguu, mzigo unauelemea mgongo zaidi bila sahani kuongezwa. Na wakifika juu wengi huegemea nyuma ili waonekane wamemaliza. Kusimama wima ndiyo mwisho.

Maumivu ya misuli siku moja hadi tatu baada ya zoezi ni ya kawaida. Yanayochoma ghafla mgongoni na kushuka mguuni si ya kawaida, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali ni wa kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa lile la kizazi kushuka, ambalo shangazi yeyote atalisema. Wengine hulicheka, nasi hatushauri kulicheka. Chuma chenyewe hakishushi kizazi cha mwanamke mwenye misuli imara ya nyonga, ile inayoshikilia kizazi na kibofu. Lakini kwa aliyezaa mara kadhaa na misuli hiyo ikalegea, kukaza tumbo na kubana pumzi chini ya mzigo mzito kunaweza kumzidishia tatizo alilonalo tayari. Dalili ziko wazi: kuhisi uzito au uvimbe ukeni, mkojo kuvuja anaponyanyua au kukohoa. Mkojo kuvuja unawapata wengi, ila usichukuliwe kuwa ndiyo uzazi ulivyo. Apunguze mzigo, atoe pumzi anapoinuka, afanye mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, na aonane na mtaalamu wa fiziotherapia. Aliyejifungua karibuni asirudi kwenye vyuma kabla ya uchunguzi wa wiki 6, na mzigo mzito usubiri zaidi, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Mjamzito asiwekwe kwenye orodha ya siku hiyo.

Hofu ya kuota misuli ya kiume ni nyepesi kuijibu: mwanamke ana testosteroni, homoni ya kiume, kidogo mno kulinganisha na mwanamume, na vipindi 20 havitabadilisha hilo. Waliokoma hedhi ndio wa kuvutwa kwanza, kwa sababu mifupa yao inapungua kwa kasi wakati huo na mazoezi ya uzito ni miongoni mwa vitu vinavyoipunguza kasi hiyo. Tatizo ni kwamba umri huo ndio wenye presha. Kila mshiriki apimwe siku ya kujiandikisha na asubuhi ya tukio. Akikutwa na 160/100 au zaidi, siku hiyo ahesabu kilo za wenzake, kisha aende kliniki.

Chakula hakihitaji unga wa kopo. Mwanamke wa kilo 60 anayefanya mazoezi haya anatosheka na gramu 72 hadi 96 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, karanga za gramu 30 kama 7, na dagaa wakavu wanazidi vyote hivyo kwa uzito. Ugali wa uwele na mlenda uendelee, ila mboga ya protini iwe kubwa kuliko ilivyozoeleka.

Kipindi cha mwisho chenye uzito kiwe siku 5 kabla ya tukio, na mshiriki asinyanyue siku hiyo uzito ambao hajawahi kuumaliza kwa seti 3 za mara 5 mazoezini. Wanaopenda kuifanya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wakumbuke Dodoma bado ina mvua. Wawe na ukumbi. Juni hadi Agosti hakuna mvua lakini upepo unapeperusha vumbi na asubuhi ni baridi, kwa hiyo kupasha misuli kuongezwe. Oktoba na Novemba anzeni saa 1 asubuhi na fimbo zikae kivulini, kwani chuma kilichoachwa juani hakishikiki. Mkiwa uwanja wa wazi, barua iende mapema kwa mtendaji wa kata.

Pangeni fimbo tatu, ya kilo 30, ya 40 na ya 60, pasiwe na kubadilisha sahani. Watu kumi kwa fimbo moja, awamu mbili, dakika moja na nusu kila mmoja, ni nusu saa. Kila fimbo iwe na msimamizi mwenye neno la mwisho, mhesabuji, na mwandishi kwenye ubao. Msimamizi akisema "weka chini", mara hiyo haihesabiwi na hakuna kubishana. Viatu viwe vya soli ngumu na bapa. Raba za kukimbilia zinabonyea. Hijabu ibanwe shingoni, kanga ifungwe isifike kwenye sahani. Mikono ifutwe kwa kitambaa kikavu.

Gharama za maji, spika na huduma ya kwanza zitafutiwe mfadhili wake, ahadi za kilo zisiguswe. Malipo yapite kwenye Lipa Namba ya kikundi, kamwe si kwenye simu ya kocha, na utoaji uwe wa watu wawili. Ahadi hupoa haraka: wafadhili waliopo walipe jumla ikishatangazwa, kabla hawajaondoka. Kabla ya kununua, muulizeni mwalimu mlezi wa wasichana idadi yao na kama vyoo vina maji, maana taulo za kufua bila maji ni kazi bure. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) na hesabu ya kilo vibandikwe ukutani jimu ndani ya siku 7. Asiyelipa kufikia hapo apigiwe simu mara moja, na asipolipa, jina lake lifutwe kwenye hesabu kimya kimya.