Umetolewa goita? Itunze ile karatasi

Mtu akitolewa goita (uvimbe wa tezi ya shingoni) isiyo ya saratani na kidonda kikakauka, nyumbani huhesabiwa amepona. Shingo imepona kweli, ila mwili sasa unaishi kwa kipande cha tezi kilichobaki au kwa kidonge cha kila siku. Ndiyo maana kabla hujatoka wodini, iwe hospitali ya Ligula, Ndanda au Nyangao, uliza na uandikiwe: tezi imetolewa yote, upande mmoja, au imebakizwa kidogo? Karatasi hiyo itie kwenye mfuko wa nailoni. Miaka 10 baadaye daktari mwingine hataweza kujua kwa kutazama kovu tu.

Aliyetolewa yote atameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, maisha yake yote. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo huanzishiwa takribani mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 huwa karibu na 100. Baada ya wiki 6 hadi 8 hupimwa damu kuangalia TSH, homoni inayoonyesha kama dozi inatosha, na dozi hurekebishwa mpaka itulie, kisha hupimwa kila mwaka. Dozi ikizidi kwa muda mrefu, moyo hupoteza mpangilio wa mapigo na mifupa hudhoofika. Aliyetolewa upande mmoja naye apime, kwani takribani mmoja kati ya watano huishia kuhitaji dawa.

Wengi huharibikiwa pale wanapoacha vidonge. Homoni hii huchukua karibu siku 7 kupungua nusu mwilini. Anayekwenda kuokota korosho akasahau dawa nyumbani, wiki ya kwanza hasikii kitu, akaona kumbe dawa haikuwa na kazi. Baadaye ndipo uchovu unamwingia, anasikia baridi juani, choo kigumu, uso umevimba, na hakuna anayekumbuka goita. Tafadhali, beba vidonge vya msimu mzima.

Meza kwa maji matupu baada ya adhana ya alfajiri, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kalsiamu, na vile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, vimezwe baada ya kupita saa 4, la sivyo vitaizuia dawa isiingie mwilini. Ramadhani, meza usiku zikishapita saa 3 hadi 4 tangu ule, au nusu saa kabla ya daku, na uushike muda huo mwezi mzima. Vidonge viache kwenye pakiti yake, kwenye kasha lililo kivulini. Joto la chini ya bati na unyevu wa pwani huvipunguza nguvu. Mama akijua tu ana mimba aende kliniki wiki hiyohiyo, kwa sababu mahitaji ya dawa hupanda kwa robo hadi nusu na mtoto tumboni anategemea homoni ya mama.

Nyuma ya tezi pana vijitezi 4, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyosimamia kalsiamu. Vikijeruhiwa au vikikosa damu, midomo na ncha za vidole hufa ganzi ndani ya siku 1 hadi 3. Mikono ikikakamaa, rudi hospitali saa hiyohiyo. Wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Ikipita miezi 6, huenda ukahitaji kalsiamu na vitamini D ya daktari kwa miaka, pamoja na kupimwa figo. Sauti iliyokwaruza nayo, isipokaa sawa, ikaangaliwe kooni.

Chumvi ya mashamba yetu ya pwani inayouzwa kwa kibaba mara nyingi haina madini joto, nunua iliyotiwa. Ila kwa aliyetolewa tezi yote haichukui nafasi ya kidonge, maana hakuna tena tezi ya kuyatumia madini hayo. Aliyebakiziwa kipande ajipapase shingo mara kwa mara, kwani goita huweza kurudi hata baada ya miaka 20. Upasuaji wa pili ni mgumu zaidi: makovu huuficha mshipa wa fahamu wa sauti na vile vijitezi. Ukigusa kivimbe, nenda na ile karatasi kingali kidogo.