Mnunuzi kasema ashalipa ila hela siioni: nitume mzigo au nisubiri?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nimeweka laptopu yangu mtandaoni naiuza, akatokea mtu hata hakuomba kupunguziwa, kasema yuko safarini kwa hiyo atamtuma wakala wa usafirishaji aje kuichukua. Kanitumia skrinishoti ya malipo, baadaye ikaingia imeili imeandikwa PayPal (ile huduma ya kulipana mtandaoni) kwamba hela yangu imepokelewa ila imeshikiliwa mpaka niweke namba ya kufuatilia mzigo. Tena kalipa zaidi ya bei, anasema ile ya ziada ni ya wakala, nimtumie mimi. Na jana kaniomba nimtajie namba sita zilizoingia kwenye simu yangu eti ahakikishe sio tapeli. Nikifungua akaunti yangu hamna kitu. Nifanyeje? Halafu nikishauza nataka kununua simu iliyotumika, kwa mtu nisiyemjua pia, nitajuaje kwamba siingizwi mjini?

JIBU: Ndugu yangu usitume kitu. Laptopu ibaki hapo hapo, hela ya wakala usiitume, na zile namba sita kama hujamtajia basi usimtajie kabisa. Kama ulishamtajia acha kusoma kwanza, angalia ile meseji ya namba sita ilitoka huduma gani, nenda kwenye hiyo akaunti ubadilishe neno la siri na utoe vifaa vyote usivyovijua, halafu urudi hapa tuendelee.

Nianze na hizo namba maana ndo zenye haraka. Huyo mtu hahakiki chochote, alichofanya ni kujaribu kuingia au kufungua akaunti mahali fulani kwa kutumia namba yako ya simu, na ile huduma ikatuma OTP, yaani hizo namba za siri za kutumia mara moja, kwako kwa sababu simu ni yako. Mara nyingi ni WhatsApp, wakishaipata wanaanza kuwakopa ndugu na marafiki zako wakijifanya ni wewe. Kama ndo imekutokea, isajili upya WhatsApp kwa namba yako, OTP mpya itakuja kwako na ukiiweka yule mtu anatolewa pale pale, ila kama aliwahi kuweka PIN yake ya hatua ya pili (namba ya siri ambayo WhatsApp inaiuliza baada ya OTP) na wewe huijui itabidi usubiri siku 7 ndo uingie. Kwa hiyo weka PIN yako mapema, leo hii, hata kama hakijakupata kitu. Biashara ya kuuziana laptopu haihitaji OTP ya mtu yeyote, na kupokea hela hakuhitaji PIN wala kuskani QR. Ukiona unaambiwa weka PIN ili "upokee", ujue hapo unalipa.

Sasa imeili. Kinachowachanganya watu ni kwamba PayPal kweli huwa wanashikilia hela za wauzaji, hasa wapya, inaweza kufika hadi siku 21, na kweli ukiweka namba ya kufuatilia mzigo inaweza kuachiwa mapema. Matapeli wanalijua hilo, ndo maana uongo wao unafanana sana na ukweli. Tofauti ni moja tu, hela iliyoshikiliwa kihalali unaiona ndani ya akaunti yako, ipo, imeandikwa imeshikiliwa. Wewe umeingia hukuona kitu, basi hakuna kitu. Jina la mtumaji linaloonekana juu ya imeili mtu anaandika analotaka, kwa hiyo fungua uone anwani kamili, na kama kuna linki angalia mwisho wa jina la tovuti, pale kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo, maana paypal.com.example.com sio ya PayPal hata kidogo, mwenyewe ni example.com na hayo ya mbele ni mapambo. Ile alama ya kufuli nayo isikutulize, inamaanisha tu mawasiliano kati yako na hiyo tovuti yamefungwa kwa siri, haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu, na cheti chake kinapatikana bure kwa mtu yeyote, tapeli pia.

SMS ni mbaya zaidi ya imeili kwa maoni yangu. Jina la mtumaji wa SMS linaweza kughushiwa, na simu nyingi zinapanga meseji kwa kufuata jina, kwa hiyo meseji ya uongo inaweza kukaa kwenye mlolongo ule ule wenye meseji za kweli za benki yako za miezi yote. Ukiitazama huwezi kuona tofauti. Dawa ni kutoitegemea: fungua apu mwenyewe au piga ile namba iliyo nyuma ya kadi, angalia salio. Skrinishoti sijaiongelea kwa sababu haistahili, hiyo ni picha tu.

Hapa ndo nataka unielewe vizuri, maana ukilishika hili hutahitaji kukariri mbinu za matapeli ambazo kila siku zinabadilika. Kwenye dili yoyote na mtu usiyemjua jiulize, kati yangu na yeye nani anaombwa kufanya kitu kisichorudishika, na mwenzake katoa nini? Iangalie dili yako kwa jicho hilo. Laptopu ikishachukuliwa na wakala hairudi, hela ya ziada ukishamtumia hairudi, OTP ukishaitaja imetajwa. Yeye katoa nini? Picha na imeili. Hata ile ya kulipa zaidi inafanya kazi hivyo hivyo: wakati mwingine hela inaingia kweli, unaiona kabisa kwenye akaunti, ila imetoka kwenye hundi feki au kadi ya wizi au akaunti ya mtu iliyodukuliwa. Kwa hundi, kuna nchi kama Marekani ambako benki inalazimika kukuruhusu utumie hela ndani ya siku chache wakati uthibitisho kwamba hundi ni feki unaweza kuja wiki kadhaa baadaye, na ikigundulika benki inakata kwako wewe. Wewe ushamtumia "wakala" hela halisi, na huyo wakala ndo yule yule mnunuzi au mwenzake. Mtu akikulipa zaidi, kiasi chote kirudi kule kilikotoka kwa njia ile ile, au mwambie aombe benki yake ikivute. Hakuna kumtumia mtu wa tatu.

Na hata tuseme malipo yangekuwa ya kweli, bado wakala wake ni tatizo. Mtu akilipa kwa kadi au PayPal anaweza kurudi baadaye kudai mzigo haukufika, na hapo wewe muuzaji unatakiwa kuonyesha ushahidi wa kufikisha. PayPal wanataka mzigo uwe umeenda kwenye anwani iliyo kwenye muamala wenyewe. Mzigo aliouchukua mtu aliyetumwa na mnunuzi, bila risiti ya kampuni, utathibitisha nini? Kwa hiyo msafirishaji unamchagua wewe, anwani ni ile ya kwenye malipo, anayepokea anasaini, na kabla hujafunga boksi jirekodi video moja isiyokatwa inayoonyesha namba ya siriali ya laptopu, inawaka, inaingia kwenye boksi, boksi linafungwa mpaka lebo inabandikwa. Sababu ya video ni kuna wanunuzi wanaorudisha mashine mbovu ya kwao wakidai ndo uliyowatumia. Ooh na ufute data zako na utoke kwenye akaunti zako zote humo ndani kabla ya kuituma.

Tuje kwenye simu. Sasa wewe ndo mnunuzi, na namna ya kulipa ndo inaamua karibu kila kitu. Kadi ni nzuri kwa sababu unaweza kuomba benki yako irudishe muamala kama bidhaa haikuja, kwa kawaida una muda wa siku 120 hivi lakini usingoje zifike. PayPal ya kununulia bidhaa unaweza kufungua malalamiko ndani ya siku 180. Muuzaji akikwambia "tuma kama marafiki na familia tukwepe makato", yaani utumie ile njia ya PayPal ya kumtumia mtu hela bila kununua bidhaa, hapo anakuomba uitupe kinga yako ili aokoe makato kidogo, na wapo wengine wanasema hivyo kwa ubahili tu sio wizi, ila kwako matokeo ni yale yale, ukilizwa huna pa kudai. Kadi za zawadi, sarafu za kidijitali, na kutuma keshi kwa mtu akaichukue dirishani, hizo zikienda zimeenda. Mwaka 2017 Western Union, kampuni ya kutumiana hela, walikubali kulipa dola milioni 586 kule Marekani kwenye kesi iliyohusu matapeli kuitumia huduma yao, na wala sikwambii hivyo uichukie kampuni hiyo, nasema tu kwamba njia ya keshi ya haraka tapeli anaipenda kwa sababu ile ile inayokufanya wewe uipende. Mtumie ndugu yako unayemjua, usinunulie bidhaa kwa mgeni.

Kuna wanaokwambia basi tutumie eskro, yaani mtu wa kati ashike hela mpaka mzigo ufike. Wazo ni zuri sana ila swali ni nani kaileta hiyo eskro. Kama linki kakupa yeye, chukulia ni ya kwake. Itafute mwenyewe, na ukitaka kujua umri wa tovuti tafuta taarifa za usajili wake kwenye WHOIS, yaani rejesta ya majina ya tovuti, inaonyesha tarehe jina liliposajiliwa. Kampuni inayojisifu kuwa na uzoefu wa miaka mingi huku jina lake limesajiliwa mwezi jana... umeshaona mwenyewe.

Tangazo lenyewe: chukua picha zake uzitafute kwenye Google Lens (inayotafuta mtandaoni kwa kutumia picha), ukizikuta kwenye tangazo jingine la mtu mwingine achana nayo. Zikiwa hazionekani kwingine haimaanishi ni za kweli, siku hizi picha inatengenezwa kwa dakika moja, kwa hiyo omba simu ya video ya moja kwa moja na umwambie akiwa hewani abonyeze *#06# kwenye hiyo simu anayouza. Itatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu hiyo yenye tarakimu 15, linganisha na iliyo kwenye mipangilio na kwenye boksi. Namba nane za mwanzo zinatambulisha modeli, kwa hiyo ukiicheki IMEI mtandaoni ikakwambia ni modeli nyingine tofauti na unayoiona, hapo kuna changa la macho. Cheki pia kama imeripotiwa kuibwa, ila jua kwamba simu inaweza kuwa safi leo na ikafungiwa baadaye, kwa mfano mtu kaiuza huku bado anadaiwa mkopo wa hiyo simu. Ndo maana nakuomba ulipe kwa njia inayorudishika hata kama vipimo vyote vimepita.

Halafu akaunti ya mwenye simu. iPhone tangu iOS 7 ya mwaka 2013 zina kufuli linaloifunga simu kwa akaunti ya mwenyewe, na Android nazo zina la kwao linalodai akaunti ya zamani baada ya kufutwa. Simu yenye kufuli hilo hata ikiwa mpya inang'aa haikusaidii. Ukikutana naye ana kwa ana, mahali pa wazi penye watu na mchana, mwambie atoke kwenye akaunti yake na aifute simu kupitia mipangilio mbele yako, muisubiri iwake upya, na uhakikishe haiulizi akaunti ya mtu mwingine wakati wa kuianzisha. Akisema neno la siri kalisahau ataliomba kesho, sawa, na wewe utalipa kesho.

Usikubali pia kuhamishwa mapema kutoka kwenye soko mlikokutana kwenda WhatsApp. Kule sokoni kuna rekodi ya mazungumzo na mara nyingine kuna kinga ya malipo, ukihama umeviacha vyote. Nyota na sifa za profaili zitazame lakini usizilalie, akaunti za zamani zenye sifa nzuri huwa zinaibiwa na kutumiwa na watu wengine, kwa hiyo akaunti ya miaka mingi iliyokuwa inauza nguo za watoto na ghafla inauza simu za bei kubwa kwa bei ya kutupa, mi nisingeigusa.

Na kama kuna hela ulishatuma kwa huyo "wakala", piga simu benki au huduma uliyotumia sasa hivi, waombe wajaribu kuizuia au kuivuta, saa za mwanzo ndo zenye matumaini. Usifute mazungumzo wala usimtukane, hifadhi kila kitu, namba za muamala, anwani za imeili, linki, kisha ripoti polisi na kwenye lile soko ili akaunti yake ifungwe. Baada ya hapo tegemea kutafutwa na mtu anayejiita mpelelezi au mdukuzi anayeweza kukurudishia hela yako kwa ada ndogo ya kuanzia. Huyo kapata jina lako kutoka kwa yule wa kwanza au ni yeye mwenyewe kabadilisha namba, na ada yake ni hela ya pili inayokwenda bila kurudi, usimjibu.