Mwalimu Anajibu: Mababu wanafanya nini kwenye bango la vita?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Moshi. Kwenye kitabu cha maktaba nimeona bango la Marekani lenye miaka miwili, 1778 na 1943. Askari wa Vita Kuu ya Pili wanapita, na nyuma yao wamesimama askari wa kale. Klabu yetu ya historia inataka kuchora la namna hiyo kwa Siku ya Mashujaa, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, juu, askari wa Vita vya Kagera chini. Linafaa? Na wale Wamarekani walichora hivyo kwa nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bango hilo nimelifundishia miaka mingi. Mchoraji ni Bernard Perlin, na serikali ya Marekani ililitoa mwaka 1943. Maneno yake yanasema Wamarekani watapigania uhuru siku zote.

Waangalie vizuri wale wa nyuma. Nguo zimechakaa, na wamesimama kwenye theluji. Ni watu wa kambi ya Valley Forge, ambako jeshi la George Washington, lililopigania uhuru wa Marekani, lilikaa majira ya baridi ya 1777 kuingia 1778. Hapakupiganwa vita pale. Walikufa watu wapatao 2,000, wengi kwa maradhi. Perlin angeweza kuchora ushindi; akachora shida, maana vijana wa 1943 walikuwa wanaombwa kuvumilia. Wafu wanawatazama walio hai, na kijana akipita mbele ya bango anajiona ana deni. Hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa mtafute adui kwenye picha ile. Hayupo! Mwaka 1778 adui alikuwa Mwingereza, na mwaka 1943 Mwingereza huyo huyo ni mshirika. Angechorwa, bango lingejipinga lenyewe. Warusi nao mwaka 1941 walikuwa na la kwao, kazi ya wachoraji watatu waliojiita Kukryniksy: nyuma ya askari wa siku hizo wakawaweka mtawala wa kale Aleksandr Nevsky, Suvorov na Chapaev. Suvorov alikuwa jenerali wa watawala wa kifalme. Chapaev, kamanda wa wanamapinduzi, alikufa 1919 akipigana na jeshi lililojaa maofisa wa ufalme uliokuwa umeangushwa. Kwenye karatasi wakawa ukoo mmoja.

Ndiyo maana nasema la kwenu linafaa, lakini msilifanye kirahisi hivyo. Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Uchagga, Meru na Arusha. Anastahili kuchorwa. Ila Tanzania hakuijua; alipigania watu wake na ardhi yake. Na Wajerumani aliowashinda 1892 walikuwa na rafiki Marangu, Mangi Marealle. Wajukuu wa pande zote mbili huenda wamekaa dawati moja darasani kwenu. Mkiliacha hilo, mnamwambia mtoto kwamba zamani wote tulikuwa kitu kimoja, na si kweli.

Kagera nako, adui awekwe wazi. Aliyetuvamia 1978 ni Idi Amin, mtawala wa Uganda. Waganda waliomkataa waliingia vitani bega kwa bega na jeshi letu, JWTZ, na Kampala ikatekwa Aprili 1979. Leo watoto wa Uganda wanasoma Moshi na Arusha, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa mjini kwetu Arusha. Mtoto wa Kiganda apite mbele ya bango lenu bila kujiona ndiye aliyepigwa. Hili naliomba kwa moyo wote.

Kwa hiyo chini ya kila kundi andikeni mwaka, kisha sentensi moja: nani alipigana na nani, na kwa sababu gani. Herufi ziwe nene, mtu azisome akiwa mlangoni. Kabla hamjagusa rangi, pandeni Old Moshi mkawasikilize wazee, halafu mwende na Marangu.