Nguo zinapotea dukani, nifunge tagi gani?

SWALI: Nauza madira na manukato Biashara Street hapa Mombasa, jioni wateja wakijaa vitu vinapotea tu. Zile tagi zinazolia mlangoni, nichukue zipi na pesa yenyewe haba? Mama Z.

JIBU: Pole sana dadangu, hiyo hasara inauma. Ziko aina mbili kubwa, RF (ya mawimbi ya redio) ya megahezi 8.2 na AM (ya mtetemo wa sumaku) ya kilohezi 58, mlango wa moja hausomi tagi ya nyingine kwa hivyo usichanganye. Kwa mfuko wako chukua RF, stika zake ni za karatasi na ndizo rahisi, ila ukibandika kwenye kopo la bati au pakiti yenye foili haisomi vizuri, manukato hayo weka nyuma ya kaunta. Madira na mabuibui yafunge tagi ngumu za plastiki zenye pini, mteja akilipa unaitoa kwa sumaku na kesho unaitumia tena, hapo ndipo unaokoa pesa kweli. Pini ipite kwenye mshono, usije ukatoboa kitambaa. Kabla hujalipa mwambie fundi ajaribu mlangoni kwako ukiona kwa macho, maana geti la chuma likiwa karibu linasumbua antena, yaani zile nguzo za mlangoni zinazosoma tagi. Na hiyo sumaku ifungie kwenye droo, isizagae juu ya kaunta.